Ngoja Mama Avuke

Gari langu nililinunua kwa pesa za mguu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Ziwani walizoea kusema nimebahatika, na mimi nataka ijulikane bahati hiyo ilipitia wapi kabla ya kunifikia.

Walionivunja mguu ni wawili. Majina yao siyaandiki, lakini kazi zao naziandika. Wa kwanza ni nyapara wa kiwanda nilichofanyia kazi Industrial Area. Wa pili ni shemeji yake, dereva wa lori lililotuchukua asubuhi pale Jogoo Road. Huyo shemeji alipenda kutusimulia jinsi alivyopata leseni: alimpelekea mkubwa fulani mbuzi, akarudi na kijitabu, usukani hajaugusa. Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulidhani ni hadithi ya kuchekesha tu.

Geti la kiwanda lilifungwa saa moja kamili. Hiyo ilikuwa sheria ya nyapara mwenyewe. Ukifika saa moja na dakika moja unarudi nyumbani, na siku hiyo imekufa. Sasa asubuhi moja lori lilikataa kuwaka mapema. Nyapara alikaa mbele na shemeji yake, sisi nyuma tumesimama kama mahindi guniani, na njia nzima tulimsikia akimwambia akanyage mafuta, geti, geti. Kwenye raundabauti magari yalikuwa yakija kutoka kulia. Dereva aliyefunzwa hungoja. Wetu aliingia. Lori la mawe likatupata ubavuni.

Wenzangu wawili walizikwa wiki hiyo. Nyapara alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso, na kitu cha kwanza alichoandika ofisini ni kwamba sisi tulikuwa tunasukumana huko nyuma. Hayo nimeyaandika, nimemaliza. Yaliyobaki ni ya furaha.

Nilipotoka hospitali mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Nikaapa sitabebwa tena na mtu aliyenunua leseni. Lakini dereva hana alama usoni ya kukuonyesha kama alinunua. Kwa hivyo nilitembea. Ziwani mpaka kiwandani na kurudi, kila siku, na fimbo. Kazi yenyewe nilirudi pale pale, maana mguu uliopinda nani mwingine atauajiri? Nyapara aliniweka stoo, na kila asubuhi alisimama getini akiangalia saa yake nikija nachechemea.

Fidia ilipotoka, mke wangu alitaka kipande cha shamba kwao. Mimi nikanunua gari kutoka kwa karani mmoja aliyekuwa akihamia pwani. Lilikuwa dogo, la milango miwili, rangi ya uji wa wimbi. Karani alilileta mpaka mlangoni, akanipa ufunguo, akaenda zake kwa miguu. Ndipo majirani walipogundua kwamba sijui kuendesha.

Lilikaa hapo miezi. Vijana wa mtaa walilala juu yake mchana wakipiga soga. Mke wangu, ambaye wiki nzima hakusema na mimi, alianza kuanika maharagwe kwenye boneti. Fundi wa magari aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu akipita haachi kuniuliza, "Buda, hii kuku yako itaangua lini?"

Huyo fundi ndiye aliyenifunza usukani. Jumapili mchana, tukitoka kanisani, tulisukuma gari mpaka uwanjani, yeye akilia kila nikikanyaga klachi na mguu ule mbovu. Alisema anasikia gia zinamlaani mamake. Lakini nilijua baada ya muda. Kilichonishinda ni sheria. Siku ya mtihani, kabla hujapanda gari, unasimama mbele ya meza kubwa iliyochorwa mji mdogo, barabara, reli, raundabauti, na unapewa kigari cha kuchezea ukiendeshe kwa vidole huku mtahini akikuuliza. Kitabu cha sheria hizo kilikuwa cha Kizungu. Mimi niliacha shule darasa la tatu.

Mke wangu alifika la saba. Jioni moja nilirudi nikamkuta amepiga magoti na chaki, amechora Nairobi yetu yote kwenye sakafu ya simiti. Jogoo Road ilipita chini ya kitanda. Reli ilikuwa uzi. Raundabauti ilikuwa kifuniko cha sufuria. Viberiti vilikuwa magari. Na watu walikuwa maharagwe, yale yale ya kwenye boneti.

"Nimenyamaza vya kutosha," alisema. "Kama shamba limekuwa gari, basi gari litembee. Shika kiberiti."

Basi tukaanza. Yeye akisoma kitabu na kunitafsiria, mimi nikitambaa sakafuni na mguu wangu umenyooka nyuma kama mkia wa mjusi. Alikuwa mwalimu mkali. Kila nikichangamka naenda vizuri, alitupa haragwe moja katikati ya barabara. Nikilalamika kwamba hapo hapana kivuko, alisema, "Wewe unakaa Eastlands gani ambako watu wanavuka kwa kivuko? Huyo ni mama ametoka sokoni, ana mzigo kichwani. Ngoja mama avuke." Niliponda mama wengi wiki za kwanza. Usiku niliota maharagwe.

Kwenye kile kifuniko cha sufuria hakuhitaji kunifunza. Nilisimama mwenyewe, nikaangalia kulia, nikangoja. Aliniangalia, akaenda kuepua ugali.

Mtihani wa kwanza, mtahini aliniuliza kama nina kiu. Nikamjibu nimekunywa chai nyumbani. Akauliza tena, akinieleza kwamba yeye ndiye ana kiu. Wenzangu kwenye foleni walinikonyeza. Nilielewa vizuri sana. Lakini niliwakumbuka wenzangu wale wawili waliozikwa, nikaona mbuzi yule akitembea. Nikasema pole. Nikaanguka mtihani kabla ya kuonyeshwa ile meza. Fundi aliniita mjinga, akasema hata yeye alipita kwa soda na nauli. Sikusema naye siku tatu, na hiyo nayo naiandika.

Mara ya pili mtahini alikuwa mwingine, mtu mfupi mwenye sweta, uso umekunjamana. Nikaletwa mezani. Mji wao ulikuwa mzuri kuliko wetu, umepakwa rangi, lakini ulikuwa mtupu. Hakuna mtu. Aliniambia nitoke pale niende kule. Nikaenda. Katikati ya barabara kuu, mahali ambapo mke wangu hakosi kutupa haragwe, kidole changu kilisimama chenyewe.

"Mbona umesimama?" aliuliza.

"Nangoja mama avuke."

"Mama gani? Hapa hakuna mtu."

"Atatokea," nikamwambia.

Foleni nzima iliangua kicheko. Mtu mmoja alilia machozi. Yule mfupi alivua miwani, akaipangusa na sweta, nikajua nimekwisha. Halafu akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Ziwani, Eastlands. "Hiyo nimeelewa," akasema, na uso ukakunjuka kidogo. Akanipeleka kwenye raundabauti, akaweka gari lake la kuchezea upande wa kulia, akauliza nani apite kwanza. Nikaliacha gari lake lipite. Akaongeza la pili. Nikaliacha. La tatu. Akauliza nitangoja mpaka lini.

"Mpaka kulia kuwe tupu, mzee. Mguu huu ulivunjikia hapo."

Barabarani nilimwendesha nusu saa, kupanda na kushuka, na hakuniuliza habari ya kiu. Akatia sahihi kwamba nimepita, na jioni niliweka leseni juu ya kifuniko cha sufuria, katikati ya sakafu. Mke wangu aliisoma pande zote, akaona hakuna kosa. Akafuta Nairobi yote na kitambaa chenye maji, kasoro Jogoo Road, ambayo ilibaki chini ya kitanda mpaka tulipohama.

Sasa asikudanganye mtu, hakuna utamu kama kuendesha gari lako mwenyewe asubuhi, dirisha limeshuka, mkate wa Gikomba unanukia, na mke wako kando yako amekalia mto kwa sababu kiti kina springi. Siku ya kwanza majirani walitoka na chai mikononi kutuangalia. Fundi akapiga kelele kwamba kuku imeangua. Tulitoka Ziwani kama maharusi wazee.

Kulikuwa na manyunyu. Pale Jogoo Road, kwenye steji, nilimwona nyapara amesimama na gazeti kichwani. Lori la kiwanda lilikuwa halijaja. Kwenda ningeenda tu, lakini mke wangu alisema kwa upole, "Baba watoto, mbebe." Nikasimama.

Aliingia nyuma akiniita ndugu yangu. Miaka yote hiyo jina langu lilikuwa "wewe". Aliuliza gari ni la nani, nikamwambia ni la mguu. Akacheka kidogo, akaacha. Nilienda mwendo wangu. Kila aliyetaka kuvuka alivuka. Mama na mzigo, mtu wa mkokoteni, kondoo wanne na mwenyewe. Nyapara akaanza kuangalia saa. Akakohoa. Kwenye raundabauti, ile ile, nilisimama, kulia magari yakaja bila kukatika.

"Ndugu yangu," akasema, "ingia tu. Geti."

Sikugeuka. Mke wangu ndiye aliyegeuka, akamtazama pale kwenye paji la uso penye kovu dogo. "Bwana nyapara," akamwambia, "hapa sisi tunangoja."

Tulingoja mpaka kulia kukawa tupu, halafu tukaingia polepole kama watu wanaokwenda kuchumbia.

Tulifika saa moja na dakika sita. Geti lilikuwa limefungwa. Askari, mzee mmoja aliyewahi kukatwa mshahara na nyapara kwa kumfungulia mtu aliyechelewa dakika mbili, alichungulia kwenye tundu.

"Fungua, ni mimi," nyapara akasema.

"Nakuona, bwana. Lakini uliniambia hata akija babangu."

Tulimwacha hapo kwenye manyunyu, gazeti kichwani, akijadiliana na sheria yake. Mimi pia nilikuwa nimechelewa, na siku yangu imekufa, kwa hivyo niligeuza gari. Mke wangu aliuliza tunaenda wapi. Nikamwambia achague, Nairobi yote aliichora yeye. Akanyoosha kidole mbele, nikatia gia, haikulia hata kidogo.