Utando Chini ya Meno ya Shangazi

Nakumbuka siku ile walipokuja kuniposa kutoka Ihanda, mwanangu, na hadi leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kwetu Kiruruma mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na siku ya posa shangazi wa binti ndiye huanza. Asipotafuna, basi amekataa.

Shangazi yangu Kokusima alikitazama kikapu cha kahawa, akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

Wageni wakaangaliana. "Dada, unatuaibisha," baba mdogo akamwambia. Shangazi alipofungua mdomo ili ajibu, wote tuliona. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa vyeupe kama mtu aliyelamba unga.

Mungu wangu! Sisi wa Kagera miaka ile tulizika mpaka machozi yakakauka, na mdomo mweupe tulikuwa tunaujua. Hakuna aliyetamka Ukimwi. Mama wa mchumba alisogeza kiti chake nyuma, hivyo tu, na posa ikavunjika. Wageni walipoondoka nikamkuta baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, akikitenga kikombe cha shangazi pembeni, mbali na vyetu. Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Siku ile niliiona ikiwa nyepesi, na nilishtuka mno.

Kumbe shangazi alikuwa akijitibu kimyakimya. Alinunua dawa ya zambarau katika duka la Omurushaka akapaka, weupe ukaondoka, akaacha. Ukarudi. Akanunua vidonge vya kumung'unya, ukaondoka, akaacha. Ukarudi tena kwa hasira. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa na la kuficha ambalo hata sisi wa nyumbani hatukulijua.

Nilimpeleka hospitali. Tabibu akamchungulia mdomoni kwa tochi, akauliza, "Mama, meno haya ya juu ni yako?"

Shangazi akainamisha kichwa. Mwanangu we! Meno yale tuliyoyasifia maisha yetu yote yalikuwa ya bandia, na hakuwahi kuyavua hata akilala, asije akaonekana kibogoyo. Alipoyatoa, upande wa juu wa bamba lililoyashika meno hayo ulikuwa na utando mzito wa utelezi, na harufu yake sitaki kuikumbuka.

"Hawa ni fangasi," tabibu akasema. "Wamejijengea utando hapa na kukaa chini yake. Dawa inapita juu tu, kama mvua kwenye jani la mgomba. Ukipona mdomo, wanatoka hapa kurudi mdomoni."

Akampa vidonge vya kumeza na vingine vya kumung'unya, vyote kwa pamoja, na dawa ya kulowekea meno kila usiku baada ya kuyasugua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha akamwomba ridhaa ampime na damu, nami nikaambiwa nikae nje.

Shangazi alifuata dozi mpaka mwisho, mdomo ukawa mwekundu kama wa mtoto. Baba mdogo akaita ukoo wote kumshukuru Mungu. Chakula kilipoandaliwa, shangazi akaletewa kile kikombe chake cha pembeni.

Alikitazama. Kisha, mbele ya watu wote, mwanamke yule mwenye haya akavua meno na kuyaweka mezani.

"Ugonjwa wangu ulikaa hapa," akasema kwa ufizi mtupu.

"Na damu, dada?" baba mdogo akauliza. "Walisemaje?"

"Majibu ya damu yangu ni yangu. Ulinitengea kikombe kabla hujaniuliza ninaumwa nini. Kama ningekuwa nao, ningekuwa dada wa nani?"

Baba mdogo alilia kama mtoto. Shangazi hakutuambia majibu yale mpaka anaingia kaburini, uzeeni sana. Na posa? Wale wa Ihanda waliposikia shangazi amepona, walirudi. Wewe unadhani ulitoka wapi?

Basi sikia, mwanangu. Ugonjwa unaorudi una mahali unapolala. Mwonyeshe tabibu kila kitu, hata kile unachokionea aibu. Akikupa dawa mbili, tumia zote mbili mpaka ziishe, wala usijichanganyie mwenyewe za dukani. Na mgonjwa wako usimpime kwa macho. Mpe maji kwanza, kwa kikombe kilekile unachonywea wewe.

Mungu akupe afya, na siku utakayougua, akupe ndugu wasiosogeza viti.