Santuri Iliyoleta Mikeka

Jumamosi jirani yangu mstaafu, hapa mtaani Picha ya Ndege, alipiga santuri yake ya fidla kwa sauti ya juu. Kwetu muziki wa kilio ukisikika mchana, ujue kuna msiba. Mara akina mama wakaingia uani na mikeka, masufuria na mchele.

"Pole, mzee. Nani katutoka?"

"Hakuna! Huu muziki wa mapenzi."

Bibi mmoja akasikiliza, mkono shavuni. "Mapenzi gani yanalia hivi? Basi mke kaondoka."

Jirani akaigeuza santuri. Fidla ikachangamka. Bibi akapiga kigelegele: "Karudi!"

Mchele wa msiba tukaula kama wa harusi. Ila mzee kaonywa: upande wa kwanza asiupige tena kabla ya kumwarifu mjumbe wa mtaa.