Bima kwa Kinywa Chetu

Kwanza nilisikia mkebe. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka chumbani, joto la Garissa limenimaliza nguvu, na upande wa pili wa ukuta kitu kikawa kinatingishika. Kilikuwa kikavu na chepesi, kama punje za mahindi ndani ya kibuyu, lakini hayakuwa mahindi. Kilitoka mlangoni, kikaja polepole mpaka sebuleni, kikatulia. Ndipo niliposikia sauti ya abti, kaka wa mama yangu, akitoa salamu. Nilipotoka nilimkuta ameshaketi, vumbi la njia ya Balambala limejaa kwenye nyusi zake, na mapajani ameukumbatia mkebe wa maziwa ya unga.

Ndani ya mkebe mlikuwa na hereni za ng'ombe.

Hereni ninazozisema ni zile za plastiki, za manjano, ambazo mnyama hutobolewa sikio na kuvishwa. Abti alizikata mwenyewe kwa kisu kutoka kwenye masikio ya mizoga, ukame ulipokuwa umetukalia msimu baada ya msimu. Alizisafisha kwa mchanga. Alikuwa amezileta mjini kwa sababu alitaka kuzipeleka ofisini.

Mama alimuuliza ofisi gani.

"Ofisi ya bima," abti akasema.

Mama akageuza uso, akatazama ukuta.

Aliyoyajua mama, na ambayo abti alikuwa bado hataki kuyajua, yalianzia kwenye mkutano wa kampeni kule Balambala, karibu na mto. Mimi nilikuwa nimefunga chuo na nimekwenda kumtembelea abti. Mgombea alikuwa mtu wetu, wa ukoo wetu, na kwetu maneno hayo mawili, mtu wetu, hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na vyeti na miaka ya kazi njema. Siku hiyo aliamua kuhutubia kwa Kiswahili, maana miongoni mwa watu walikuwapo wakulima wa kando ya mto ambao si Wasomali, walimu kutoka bara, na waandishi wa habari waliokuja na kamera. Abti alikaa mbele pamoja na wazee. Kiswahili chake ni cha sokoni, kinatosha kuuza fahali, hakitoshi kununua ahadi. Kwa hiyo aliniita nikasimama nyuma yake, na kila mara alikuwa akivuta ncha ya ushungi wangu, akiniuliza anasema nini, anasema nini.

Mgombea huyo nilikuwa nimemsikia kwenye televisheni. Kiswahili chake huko kilikuwa kimenyooka, p zake zikipasuka midomoni kama za msoma habari. Pale Balambala aliziacha zote garini. Alizungumza kama baba zetu wanavyozungumza, sisi ambao lugha yetu haina p na ulimi wetu huigeuza b. Wazee wakacheka kwa furaha kumsikia. Hata mimi nilicheka. Nilidhani ni mapenzi.

"Nyinyi mkinibatia kura," alisema, "mimi nawaletea bima ya mifugo. Halafu mlale usingizi."

Abti akavuta ushungi. Nikamtafsiria: caymis, ndiyo bima kwa Kisomali. Nikamweleza kwamba mnyama wako akifa kwa ukame, kuna anayekulipa. Abti aligeuka, akaniomba nirudie. Nikarudia. Siku chache baadaye wazee walipokaa kumpitisha mgombea, abti ndiye aliyesimama akawaeleza wenzake bima ni nini, na abti ndiye aliyeongoza dua.

Wasiotujua huenda wakadhani uchaguzi wetu hufanyika kwenye masanduku ya kura. Mara nyingi huwa umeshafanyika kabla. Wazee hukaa, husemezana, hugombana, kisha huinua mikono na kusoma Fatiha. Ikishasomwa, ukoo una mdomo mmoja. Anayepinga baada ya hapo hapingi mtu, anavunja dua, na nani anataka kuitwa mvunja dua?

Mgombea alishinda. Muda ukapita, na kweli wakaja watu wa mifugo na sindano na hereni za manjano. Waliwatoa ng'ombe damu, wakawatoboa masikio, wakaondoka. Balambala nzima iliamini kwamba hereni ndiyo bima yenyewe. Kwa hiyo mawingu yalipoanza kutudanganya, na wachuuzi wakaja kutaka ng'ombe wakiwa bado na nyama mwilini, abti alizunguka maboma akiwaambia watu wasiuze kwa bei ya kutupa. Mnyama ana hereni, aliwaambia. Akifa analipwa. Wakamsikiliza. Wengine walikuwa na shaka, lakini walimsikiliza kwa sababu alikuwa hajawahi kuwadanganya.

Baada ya ng'ombe kuisha, mheshimiwa alikuja kutoa pole. Mimi sikuwapo, lakini nimesimuliwa na wengi, na wote husimulia vilevile. Mzee mmoja alimuuliza kuhusu bima. Mheshimiwa akashangaa, kisha akacheka kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. Akasema kwamba wazee wake walimsikia vibaya. Yeye alisema pima. Alisema ataleta pima ya mifugo, na si mifugo ilipimwa? Si daktari alikuja? Mbona wanamlaumu kwa ahadi aliyoitimiza?

Mtu wa Mombasa au Unguja angekicheka kisingizio hicho. Angesema hakuna kitu kinachoitwa pima ya mifugo, Kiswahili hakisemi hivyo. Lakini sisi tunaokitumia Kiswahili kama punda wa kuazima hatuulizi kimekaa vipi, bora kitufikishe. Pima ya mifugo kwetu inapita. Na b yetu inabeba neno lolote kati ya hayo mawili bila kulalamika. Alijua hivyo. Aliingia ndani ya matamshi yetu akajificha humo, mahali ambapo hatungeweza kumtafuta bila kujiaibisha wenyewe.

Kisha likaja jina. Kwetu jina la utani halikukosi, na likishakuganda hata watoto wako hulirithi. Abti wakamwita Bima. Walianza vijana wa boda boda, wakafuata wenzake msikitini. Bima amekuja. Mpishe Bima akae. Nilimsikia mwenyewe mzee mmoja, rafiki yake wa utotoni, akimtania kwamba asikohoe karibu na mbuzi, asije akawapima. Abti alicheka pamoja nao. Yeye hujua kucheka anapochomwa. Lakini mama aliniambia kwamba watu wakiwa hawapo, abti alianza kumuuliza kama masikio yake yana kasoro. Aliniuliza na mimi. Aliniuliza kama nina hakika na nilichomtafsiria. Nikamwambia nina hakika. Akatikisa kichwa, na sikujua kama ameniamini mimi au ameendelea kumwamini mtu wetu.

Nimelifikiria sana hilo, kwa nini kumshuku yule kulikuwa kugumu kuliko kushuku masikio yake mwenyewe. Kwenye vibanda vya chai hapa mjini huwa nasikia watu wakichambua viongozi kwa ukali wa kinyozi. Wa ukoo mwingine akila, ni mwizi. Wetu akila, ni mjanja, na walau amekula nyumbani. Wa wengine asipojua kazi, ni mjinga aliyenunua cheti. Wetu asipojua, hajapewa nafasi. Nilikuwa hivyohivyo. Nilimwona kwenye televisheni nikajisikia nimeongezeka kimo, kana kwamba koti lake lilinikaa mimi. Kumwita mwongo ni kujivua koti hilo hadharani, na jirani zako wanakutazama.

Sasa msimu wa kampeni umerudi. Wiki iliyopita ilijulikana kwamba wazee wangekaa Ijumaa, na mheshimiwa anaitaka tena Fatiha. Abti, pamoja na utani wote, bado ni mtu ambaye akiinua mikono wengine huinua. Alikuwa amekuja kwetu na mkebe wake kwa ajili ya mambo mawili, kikao hicho na ile ofisi ya bima. Asubuhi ya Jumatano, tukiwa tunakunywa chai, alimwambia mama kwamba huenda akamuunga mkono mara nyingine. Wengine wamejipanga, alisema. Kiti kikienda kwao, tutakunywa nini?

"Tunakunywa nini sasa?" mama akamuuliza.

Abti akatazama kikombe chake. Ilikuwa chai ya rangi.

Mheshimiwa alifika baada ya swala ya alasiri. Aliwaacha walinzi nje, akavua viatu, akaingia na harufu ya udi iliyotangulia salamu yake. Lazima niseme ukweli, anajua kukaa na watu. Alimwita abti adeer, kama kijana anavyomwita ndugu wa baba yake. Aliuliza magoti yake yakoje, akakumbuka jina la dawa. Mimi aliniita mwandishi wetu. Akasema anasikia naandika kitabu, na akatumaini amewekwa upande wa watu wazuri. Sote tulicheka.

Nilikwenda jikoni kuleta chai. Mama alikuwa amepanga sinia: chupa ya chai ya rangi, vikombe, kijiko, na mkebe. Niliutambua. Nikamtazama.

"Mgeni akitaka maziwa," alisema, "yamo humo."

Nililibeba lile sinia kama ninavyobeba yai. Mgeni kunyweshwa chai ya rangi kwenye nyumba ya wafugaji ni jambo, na kuletewa maziwa ya mkebe ni jambo zaidi, lakini mheshimiwa alijikaza akatushukuru. Alikuwa akimweleza abti habari za barabara. Bila kukatiza maneno yake alivuta mkebe, akaufungua mwenyewe, akaingiza kijiko. Kijiko kikagonga plastiki.

Aliinamia mkebe. Akatoa hereni moja, akaigeuza vidoleni.

"Hii ni nini, adeer?"

"Ng'ombe," abti akasema.

Sijui kama abti alijua mama angefanya vile. Nilimwona akitazama pazia la jikoni, kisha akarudisha macho. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepokezwa mzigo wake mwenyewe baada ya kubebewa kwa muda mrefu.

Mheshimiwa aliirudisha hereni, akafunika mkebe taratibu. Tulikuwa tumezungumza Kisomali tangu alipoingia. Hapo akahamia Kiswahili.

"Adeer, haya tuliyamaliza. Mimi nilisema pima."

Na safari hii p ilitoka safi, midomo imekutana, imeachana. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiitamka ndani ya nyumba ya mtu wa kwetu.

Abti alizipitisha punje za tasbihi yake. Kisha akasema, "Liseme kwa Kisomali."

"Lipi?"

"Ulilosema Balambala. Lile lile. Liseme kwa lugha ya mama yako, nami nitakwenda nalo Ijumaa."

Ombi lilikuwa dogo sana. Kwa Kisomali maneno hayo mawili hayana undugu wowote. La bima liko huku na la kupima liko kule, na hakuna ulimi mzito unaoweza kuyakutanisha. Angeweza kusema, niliahidi caymis nikashindwa. Naamini abti angemsamehe. Naamini mikono ingeinuka, na pengine mimi ningeandika habari nyingine, ya kiongozi aliyekosea akakiri. Nilimtazama nikimtakia alitamke. Nashangaa hata sasa jinsi nilivyomtakia.

Alirudi kwenye Kisomali, lakini hakulisema. Alisema mengine, na aliyasema vizuri. Alisema huu si wakati wa kuchimbana. Alitaja ukoo uliojipanga dhidi yetu, jinsi watakavyojaza ofisi kwa watoto wao, jinsi visima vitakavyochimbwa upande wao wa barabara. Alisema hata familia huwa na siri zake. Mengi kati ya hayo yalikuwa kweli, na ndiyo sababu yalikuwa magumu kuyakataa.

Abti alimwacha amalize. "Sikukuuliza kiti ni cha nani," alisema. "Nimekuuliza ulisema nini."

Mheshimiwa akaitazama simu yake.

"Ijumaa nitakuja," abti akaendelea, "kwa sababu ni ukoo wangu. Lakini mikono yangu itabaki magotini. Atakayeuliza kwa nini, nitamwambia akuulize wewe. Kwa Kisomali."

Hakupaza sauti. Alimimina chai kwenye kikombe cha mgeni, akakisogeza mbele yake, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mheshimiwa alionja kidogo akasimama.

Abti hakuinuka kumsindikiza, akanifanyia ishara nimsindikize mimi. Tulipita uani. Mlangoni, akivaa viatu, alinong'ona kwamba mzee amechoka, ukame umemchosha, nimsemeshe. "Wewe umesoma," alisema. "Kiswahili unakijua. Unajua nilichosema."

"Najua," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyemtafsiria."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha akatoka.

Desturi ya nyumba yetu ni kuuacha mlango wazi mpaka gari la mgeni lipotee kwenye kona. Nilisimama pale, mkono kwenye bati lililochemka kwa jua. Nyuma yangu nilisikia mkebe ukitingishika, abti akiuondoa kwenye sinia, na kutoka jikoni mama akaniambia nifunge. Mlango ule huburura chini, lazima uuinue kidogo ndipo ukubali. Nikauinua, nikaufunga, gari likiwa bado halijawashwa.