Kofia Iliyokaa Kombo

Adhuhuri imekwisha kuswaliwa na kichochoro cha Langoni kimetulia. Khairiya ameketi ukumbini, sindano mkononi, mguu mmoja ukimbembeleza mwanawe Famau aliyelala mkekani. Mtoto akiguna, sindano inasimama. Akinyamaza, inaendelea.

"Mifupa imemshika tena tangu jana," anasema bila kuinua macho. "Nimechoka mimi. Hata kulia nimechoka."

Khairiya hushona kofia nyeupe za nakshi, zile za matundu madogo madogo, na kofia moja humla miezi. Mchoro hautoki kichwani mwake. Fundi wa mtaa, Bwana Muhdhar, ana kofia ya babu yake ndani ya kasha, na kofia hiyo haivuki kizingiti. Kukiwa na kazi, huinakili nakshi yake kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayokwenda kwa washonaji. Mshonaji hufuata tundu kwa tundu. Hana ruhusa ya kubuni.

Mwaka jana karatasi moja ilitoka na nukta moja iliyosogea. Khairiya akaifuata. Kofia ikatoka safi kabisa, ikavaliwa, ikakaa kombo. Bwana Muhdhar alicheka mpaka machozi, akaichana karatasi, akafungua kasha na kunakili upya. Ile kofia kombo Khairiya anayo mpaka leo.

Famau alizaliwa mwaka wa uhuru, sasa ana miaka mitano. Maumivu humjia ghafla, macho yakageuka manjano. Mama mkwe wa Khairiya, Bi Swafiya wa Pate, ana jibu lake: mke alikula kitu kibaya akiwa na mimba. Anamshikilia mwanawe Amini amwache, aoe mwingine. Maneno hayo yamemchosha Khairiya kuliko kukesha.

"Na mimi nalianza kuamini," anasema. "Kila siku najiuliza, nalikula nini? Nalipita ndia gani?"

Mwezi huu hospitali ilipata majibu ya damu ya Famau kutoka Mombasa. Wanyama, tabibu aliyetoka bara, alihangaika kutafuta maneno ya kumweleza, mpaka alipoona kazi iliyokuwa mapajani mwake, akauliza hushonwa vipi, naye akamweleza habari ya kasha na karatasi za Bwana Muhdhar.

"Bi Khairiya, kila chembe ya mwili ina kasha lake," alimwambia. "Ndani mna maagizo ya urithi, na hayo hayatoki. Yananakiliwa, na nakala ndiyo inayokwenda kwa washonaji. Wao wanaisoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinaita kipande kimoja. Vipande vikiungana, ndiyo protini, hata ile inayofanya damu iwe nyekundu. Kwa Famau herufi moja imebadilika, kikaingia kipande kisicho chake. Basi chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo anapolia."

"Ni nani alokosea?"

"Washonaji hawakukosea. Na wewe hukula kitu. Mtoto hupewa maagizo ya baba na ya mama. Wewe na Amini kila mmoja ana zima moja na bovu moja, ndiyo maana hamuugui. Famau ameangukiwa na mabovu yote mawili."

Khairiya alishusha pumzi. Kisha akawaza kama mshonaji: "Basi karatasi ichanwe, inakiliwe nyingine."

Wanyama hakumficha. "Kwa Bwana Muhdhar, ya kasha ni nzima. Kwa Famau kosa limo ndani ya kasha. Tukinakili tena, litatoka lile lile."

Dawa ya kulifikia kasha hilo hakuna. Kuna kumnywesha maji mengi, kumkinga na baridi, kumkimbiza hospitalini homa ikianza. Siku ile Khairiya alilia njia nzima, kwa uchungu wa mwanawe na kwa kutuliwa mzigo, vyote pamoja.

Famau akipata nafuu, atapanda naye mashua mpaka Mtangawanda, bandari ya Pate, amkabili mama mkwe mbele ya Amini. Hataki ugomvi. Anataka kubaki na mume wake, na mtoto awe na baba. Ile kofia kombo ameshaitia kikapuni.

"Nitampa mama aishike kwa mikono yake," anasema, akiukata uzi kwa meno. "Nimwambie, haya, tafuta tundu nilolikosea mimi."