Mimi Mikono, Yeye Miguu

Sisi watoto wa Chemchem, hapa Tabora, tulikuwa tunagawana filamu kama watu wazima wanavyogawana nyama ya Idi Kubwa. Msinicheke. Filamu ya dansi ililetwa na treni, ikaonyeshwa siku moja au mbili, halafu ikapakiwa tena kwenda Mwanza au Kigoma, na ukishaikosa umeikosa. Pesa ya kuingia mara mbili hakuna aliyekuwa nayo. Mwanzoni kila mtu alikuwa anaangalia kila kitu, na tukitoka nje kila mtu anacheza lake, tunabishana mpaka tunashikana mashati. Ndipo tukajifunza kugawana. Wewe shika mikono, wewe shika kichwa na mabega, wewe shika miguu. Ukipewa miguu, macho yako yasipande juu ya magoti hata jumba la sinema likiwaka moto.

Nieleze kwanza kwa nini tulizipenda, maana watoto wa siku hizi wanadhani tulikuwa wajinga. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, rais wa kwanza alikuwa hajang'atuka bado. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa cha sare foleni, na ukifika mbele unaambiwa kimekwisha. Raba tulizisikia tu. Halafu unaingia kwenye lile jumba, taa zinazimwa, na mbele yako wako vijana weusi kama wewe, wa huko Marekani, wako barabarani mchana kutwa, hakuna anayewatuma maji, na kila mmoja ana raba nyeupe. Kiingereza chao hatukukielewa wala hatukujali. Hadithi ilikuwa ileile: vijana wanadharauliwa, wanacheza, wanaheshimiwa. Wallahi, mimi niliamini kwamba mtu akicheza vizuri sana atasamehewa chochote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa sijafanya bado jambo la kuombea msamaha.

Yeye, mwenzangu wa miguu, alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, wa kijiji cha Kigwa. Mama yake alikuwa mchezaji wa kikundi cha ngoma cha kijiji, wale waliokuwa wanavaa njuga miguuni na kwenda kuwapokea wageni wa serikali. Nilimwona akicheza mara moja tu nikiwa mdogo sana, na ninachokumbuka ni sauti ya njuga. Alipofariki, mama yangu alipanda treni akamchukua binti, akamleta kwetu. Mimi na yeye tulipishana miezi minne, kwa hiyo aliniita dada. Tulilala kitanda kimoja, tukasoma darasa moja.

Baba yangu, fundi bati, alikuwa na jeuri ya watu wa mjini. Babu wa baba alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe kwa miguu hadi pwani na kurudi, mwishowe akachoka akajenga Tabora. Lakini ukimsikiliza baba ungedhani yule mzee alishuka kwenye behewa la daraja la kwanza. Kwetu neno "mshamba" lilitumika kama chumvi. Hakulitumia kwa yule binti, hapana, baba hakuwa katili. Ila lilikuwepo nyumbani, na mimi niliokota kila kilichokuwepo nyumbani.

Watu wakituuliza njiani, "Huyu ni nani wako?" nilikuwa najibu, "Ndugu yangu." Nikisema hivyo aliinamisha uso na kutabasamu. Nilikuja kugundua kwamba akiona mtu anataka kuuliza, yeye ananyamaza kusudi ili nijibu mimi. Alikuwa hana mama, hana nyumba, na neno hilo ndilo alilokuwa nalo mjini.

Sasa, mwaka ule filamu iliyosemwa na kila mtu ikafika siku ya Idi Ndogo. Na tayari tangazo lilikuwa limetoka: Idi Kubwa kutakuwa na disko toto, mchana, watu watacheza wawili wawili, na watakaoshinda watapewa raba, jozi mbili. Raba! Tulikuwa na miezi miwili na siku kumi za kufanya mazoezi. Mimi ndiye niliyegawa, nani mwingine? Nikajipa kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu huko ndiko kwenye sifa, uso uko huko. Yeye nikampa kiunoni kwenda chini.

Wimbo wenyewe ulikuja karibu na mwisho. Msichana na mvulana wanacheza katikati ya barabara, watu wamewazunguka wanapiga makofi. Sikupepesa. Bega linakatika, kiwiko kinafuata, kiganja, halafu kama maji yanahamia mkono wa pili. Niliyafuata yale maji kwa macho mpaka machozi yakanitoka. Pembeni yangu nikasikia anahangaika kwenye kiti. Akanivuta gauni.

"Dada," akaninong'oneza. "Dada, mbona..."

Nikamfinya paja. "Angalia miguu wewe!"

Akarudisha macho mbele. Tulipotoka nje kwenye jua nilikuwa tayari narusha mikono njia nzima. Nikamuuliza, "Umeipata?" Akaanza kukunja ncha ya gauni lake. Nikamshika bega. "Ole wako uniambie hukuipata. Kama huna miguu nitatafuta mwenzangu mwingine, raba utazisikia kwa jirani."

Alitazama chini, pale kwenye vumbi.

"Nimeipata," akasema. "Nipe siku tatu niipange."

Siku ya nne akanifundisha, nyuma ya jiko, karibu na lundo la madebe ya baba. Kisigino kinapiga mara mbili. Unyayo mzima unaburutwa nyuma. Halafu mguu unanyanyuliwa na kuachwa hewani kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa, ndipo unashushwa. Vumbi linapanda. Ilikuwa migumu, na ilikuwa mizuri, ngoja niseme ukweli, ilikuwa mizuri mno.

"Ndivyo wanavyofanya kweli?" nikamuuliza.

"Ndivyo."

"Mbona mizito?"

"Juu kuwe kwepesi, chini kuwe kuzito," akasema. "Ndiyo utamu wake."

Sikuwahi kumwona na uhakika namna ile. Kwa mambo mengine yote mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, lakini kwa miguu alikuwa ananikaripia. "Dada, usiharakishe hapo. Tulia, tulia kwanza." Siku moja mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akasimama kututazama. Nikangoja atugombeze kwa kuchafua ua. Hakutugombeza. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga akarudi ndani. Nilidhani ni moshi.

Basi, Idi Kubwa ikafika. Ukumbi ulijaa watoto wenye nguo mpya na wengi wenye nguo zilizogeuzwa zikaonekana mpya. Tukaitwa. Tulipoanza, watu walinyamaza, na ninajua kunyamaza kwa watu waliochoshwa, kule hakukuwa kuchoshwa. Nikajiona tayari na raba miguuni. Ndipo mvulana mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, mwenye suruali iliyombana na maneno ya huko, akapiga kelele kutoka mbele.

"Oya, acheni! Mimi filamu hiyo nimeiona mara sita. Miguu gani hiyo? Hiyo si ngoma ya kumpokea mkuu wa wilaya?"

Ukumbi ukalipuka. Yaani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakaanza kupiga makofi ya ngoma na kuimba kwa sauti za vijijini. Mimi nikasimama. Yeye alikuwa anaendelea, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asisimame hata iweje.

Nikamnyooshea kidole mbele ya wote. "Mimi mikono yangu ni sahihi! Miguu ni yake huyu. Na huyu si ndugu yangu. Ni mshamba tu, tumeletewa."

Mguu wake ulikuwa hewani, pale pa kutulia. Akaushusha polepole, bila kishindo, akatoka kupitia mlango wa nyuma.

Raba walichukua wengine. Wala sikumbuki ni nani.

Nyumbani hakusema chochote, kwa mama wala kwangu. Usiku tulilala kitanda kilekile, yeye ameelekea ukutani. Nilisubiri anikasirikie ili nipate pa kuanzia kuomba radhi. Hakunikasirikia. Aliamka, akachota maji, akasema, "Umeamkaje, dada?" kama jana. Mimi ni mtu wa hasira, najua kujibu hasira. Upole ule sikujua nauingilia wapi. Siku zikapita. Na kila mtu akiniuliza habari ya disko toto nilikuwa nasema yaleyale: mimi sikukosea, yeye ndiye aliyeangalia vibaya. Nilisema mara nyingi mpaka nikaamini.

Tukafanya mtihani wa darasa la saba. Mama alikuwa amepanga tubaki wote wawili tujifunze cherehani. Alimwambia, "Mwanangu, hapa ni kwako." Yeye akapiga magoti akasema, "Mama mkubwa, nashukuru kwa yote. Acha nirudi nyumbani, Kigwa." Mama akaniangalia mimi. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nalo mdomoni. Tulimpeleka stesheni, akapanda treni na sanduku la bati alilotengenezewa na baba. "Kwaheri, dada," akasema dirishani.

Tulionana tena mara moja, kwenye harusi yangu. Alikuja na galoni la asali na mtoto mgongoni. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu wa biharusi, katikati ya vigelegele, nikamvuta karibu. Nilikusudia kuomba radhi, Mungu ni shahidi. Kilichotoka ni utani.

"Hebu niambie leo. Siku ile uliiangalia miguu kweli?"

Akacheka, mara ya kwanza nimsikie anacheka hivyo. "Dada, macho yangu hayakupanda juu ya magoti. Si uliniambia?"

Akataka kuongeza kitu, lakini wanawake wakaja kunichukua. Miaka miwili baadaye alifariki Kigwa, akijifungua mtoto wa pili. Nilikwenda kwa treni. Wanaume wakaenda kuzika, sisi wanawake tukabaki uani, na sikuonyeshwa hata mahali penyewe mpaka kesho yake. Nikakaa pale nikasema maneno yangu. Udongo haujibu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa anachezea simu. Nikamwambia, kwa mazungumzo tu, kulikuwa na filamu ya dansi zamani, iko hivi na hivi. Akabonyeza bonyeza, akaniletea. Ileile! Jumba lilishabomolewa, mama amekufa, baba amekufa, mvulana wa Dar sijui yuko wapi, na filamu ndiyo hiyo kwenye kiganja cha mtoto. Nikavaa miwani. Nilitaka kuiona miguu, mara hii niione mwenyewe, nijue yule mtu alikosea wapi.

Wimbo ukaanza. Watu wamewazunguka wale wawili, wametugeuzia migongo, na mpiga picha amesimama nyuma yao. Vichwa vinaonekana, mabega yanaonekana, mikono inapanda juu ya vichwa vya watu, ile mikono yangu. Nikasubiri picha ishuke. Haikushuka. Wimbo ukaisha.

"Rudisha," nikamwambia mjukuu. Akarudisha. "Rudisha tena."

"Bibi, unatafuta nini?"

"Miguu."

"Mbona haionekani? Watu wamewakinga."

Mtoto wa miaka tisa aliliona hilo papo hapo. Mimi niliketi pale na macho mawili, nikafinya aliyetaka kuniambia. Nikakumbuka, "Dada, mbona..." Na yule mvulana aliyeiona mara sita, naye hakuwahi kuiona miguu, maana hakuna aliyeiona. Kisha nikamwona mama mlangoni na mwiko wake, na nikajua ule haukuwa moshi. Mama aliitambua miguu ya mdogo wake. Aliniona mimi, binti yake mwenyewe, naitembeza uani bila kujua, na njuga tu ndizo zilizopungua.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa ananitazama ameshika simu, hajui alie au acheke. Nikasimama. Magoti yangu siku hizi yana kelele kuliko cherehani, lakini nikapiga kisigino mara mbili sakafuni, nikaburuta unyayo, nikanyanyua mguu. Ukabaki hewani nikishikilia meza.

"Ndivyo ilivyo?" akauliza mjukuu.

"Ndivyo."

"Sasa wewe uliijuaje, bibi, na haionekani?"

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

Mguu ulikuwa bado hewani. Nikaushusha.

"Na ndugu yangu," nikamwambia.