Daktari Audrey wa Stowlode na Mstari wa Ijumaa

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba mwaka 1938, siku ambayo watu wa Fens, nchi ya mabwawa mashariki mwa Uingereza, humkumbuka Mtakatifu Etheldreda, na kwa sababu hiyo akapewa jina la Audrey, ambalo ndilo jina la mtakatifu huyo katika vinywa vya watu wa kawaida. Baba yake, Enoch Setchell, alikuwa mlinzi wa mashine ya kuvuta maji kando ya mfereji wa Stowlode. Mama yake, Mercy, alilima seleri na kuziuza sokoni. Nchi yetu iko chini kuliko mto wake, na mashine ile ikisinzia, shamba la viazi hugeuka ziwa kabla mwenyewe hajavaa viatu. Kwa hiyo Audrey alikua akijua kwamba kuna kazi ambazo zikifanywa vizuri hakuna anayeziona. Wako wanaosema kwamba alipobatizwa katika kanisa la Mtakatifu Guthlac hakulia hata kidogo, kama ilivyo desturi ya watakatifu katika vitabu. Mama yake alikanusha jambo hilo maisha yake yote, akisema mtoto alilia mpaka kasisi akapoteza ukurasa.

Alisomea udaktari London, na mwaka 1966 akarudi Stowlode kuwa daktari wa familia, ingawa hospitali kubwa zilimtaka. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba hospitalini mtu huletwa akiwa mgonjwa, lakini daktari wa familia humjua akiwa mzima, tena humjua na mama mkwe wake. Alisali asubuhi, akazunguka na gari lake kuukuu juu ya matuta ya mto, akala mkate na mafuta ya nyama akiwa anaendesha. Hakuolewa. Wachumba hawakukosekana, tunaambiwa, ila kila mmoja alichoka kungoja chakula kikipoa mezani.

Mwaka 1974 kamati ya madaktari wa mkoa ilimwomba aandike karatasi ya habari kwa vituo vyote vya madaktari wa familia, kutoka mtoni hadi baharini. Ikaitwa Karatasi ya Ijumaa, kwa kuwa ilifika Ijumaa. Hapakuwa na maneno makubwa ndani yake. Aliandika kwamba chanjo ya mafua itafika Jumanne, si Jumatatu kama mlivyoambiwa, kwa hiyo msiwaite wazee wakaja kusimama kwenye upepo. Aliandika kwamba daraja la Eastlode limefungwa, na gari la sampuli za damu litapita saa moja mapema. Aliandika kwamba daktari mpya amefika Marnholme, ni mtu mwema lakini hajui njia za matuta, mpeni ramani kabla hajazama. Vituo viliamini neno lake kuliko barua zenye mhuri, na imani hiyo ndiyo iliyokuja kumpa msalaba wake.

Audrey alipenda usafi wa kumbukumbu. Majira ya baridi ya mwaka 1978 aliandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mgonjwa mpya anayetaka kuandikishwa aonyeshe bili ya umeme au ya maji yenye jina lake. Sheria ya nchi haikudai hivyo. Aliyedai ni Audrey, kwa sababu majina yasiyo na anwani yalimkera kama makombo kwenye kitambaa cha meza. Ijumaa iliyofuata kila kituo kikaanza kuomba bili, na wote wakaona ni jambo la busara, kwani wote walikuwa na nyumba.

Katika Kwaresima ya mwaka uliofuata, Keziah Loveridge aliingia katika kituo cha Stowlode akichechemea. Alikuwa mke kijana aliyeishi na mumewe Amos ndani ya mashua ndefu, wakihama na kazi za mashambani kwa njia ya mto. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kisigino chake cha kushoto kilikuwa na kidonda kisichofunga. Kwenye dirisha la mapokezi alikuwapo Beryl Peck, mwanamke mwenye moyo laini na utii mkubwa.

"Bili ya umeme unayo, mama?" Beryl aliuliza.

"Umeme wa wapi? Nina taa ya mafuta."

"Basi hata ya maji."

"Maji ninalala juu yake," Keziah alisema.

Wakacheka wote wawili, na Beryl akampa kiti na chai, lakini hakumwandikisha. Keziah akaenda Marnholme, akaenda na Eastlode, akakuta swali lilelile. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba ulidharauliwa na watu wengi kwa heshima na adabu. Amos alipompeleka hospitali akiwa amembeba mgongoni, madaktari hawakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti.

Audrey alimkuta wodini siku alipokwenda kumtazama mgonjwa mwingine. Keziah alikuwa akiwasimulia wenzake kisa cha kulala juu ya maji, nao wakicheka, na Audrey akacheka pamoja nao mpaka aliposikia jina la kituo.

"Nani aliwaambia waombe bili?" aliuliza.

"Wanasema kuna karatasi huwa inakuja Ijumaa."

Audrey alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Karatasi hiyo ni mimi," alisema.

Keziah alimtazama. Hakumtukana, wala hakumwambia kwamba si neno. Alisema, "Basi iandike vingine."

Watakatifu wengine waliitwa kwa ndoto na wengine kwa sauti kutoka mawinguni. Audrey aliitwa hivyo, na mwanamke aliyelala kitandani bila mguu, na sisi tunaouandika mwito huo hatuoni ulio bora zaidi. Ijumaa iliyofuata ukurasa wa kwanza wa karatasi ulieleza kosa lake lote, na jina lake likiwa juu. Chini kabisa, baada ya habari za madaraja na chanjo, palikuwa na mstari huu: Hati ya makazi haihitajiki, aliyebisha hodi aandikishwe. Akaongeza na namna ya kufanya, maana alijua kwamba wema usio na maelekezo hukwama dirishani. Mgonjwa asiye na nyumba, aliandika, muulizeni mashua yake imefungwa wapi, mwandike hapo. Kama hajui atalala wapi kesho, andikeni anwani ya kituo chenu wenyewe. Mstari ule ukarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, na haukukosa tena.

Majaribu yalianza kwa kicheko. Daktari mmoja aliyemkuta sokoni alimwambia muuza samaki, huku Audrey akisikia, "Nipe samaki mkunga mmoja, ila bili ya umeme nimeisahau nyumbani." Naye Audrey akamwambia muuza samaki, "Mpe tu, maskini. Mkewe hampikii." Kicheko hakikumwumiza. Kilichomwumiza kilikuja baadaye, katika miaka ya tisini, vituo vilipojaa na madaktari wazee wakastaafu bila wa kuwarithi. Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa Daktari Piers Rudkin wa Eastlode, mtu wa haki, aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Katika kikao cha vuli ya mwaka 1994, ndani ya ukumbi wa kanisa letu, alimtaka Audrey aufute mstari.

"Sisi si wajinga, Audrey," Rudkin alisema. "Watu wetu wanajua kusoma. Tumeusoma miaka kumi na mitano."

"Wiki iliyopita Marnholme wamemrudisha mtu."

"Kwa sababu wamejaa. Unataka tuwaweke wapi, darini?"

"Waliojaa waseme wamejaa, nami nitawaandikia wapeleke mgonjwa wapi. Lakini wasiseme bili."

"Mstari ufutwe, au karatasi apewe mwingine," Rudkin alisema. "Kamati imeamua."

Wote waliokuwapo wanakumbuka kwamba Audrey alifunga kalamu yake kwanza, maana wino wake ulikuwa na tabia ya kuvuja. Kisha akasema, "Mguu wa Keziah sikuukata kwa kisu. Niliukata kwa sentensi moja, na sijui njia nyingine ya kulipa. Chukueni karatasi."

Wakaichukua. Kazi hiyo akapewa mtu mwenye maneno mengi, na majira yale ya baridi vituo vilipokea kurasa nzito zenye kung'aa, zilizojaa mikakati na maono. Daraja la Eastlode halikutajwa. Mto ulipofurika mwezi wa Januari, chanjo zilifika ng'ambo moja na wazee walioitwa wakawa wamesimama ng'ambo ya pili, na Daktari Rudkin akiwa kati yao, miguu yake ikiwa ndani ya maji. Audrey hakukaa nyumbani kununa. Alioka keki ya mbegu za kisibiti, akampakia Keziah garini pamoja na mguu wake wa bandia, wakazunguka dirisha moja baada ya jingine. Audrey aliwaeleza wahudumu namna ya kumwandika mtu asiye na anwani. Keziah hakueleza kitu. Aliweka mguu wa bandia juu ya kaunta, akaomba chai. Madirisha mengi yalijifunza zaidi kwa Keziah.

Kabla ya Pasaka, Rudkin alikuja mwenyewe nyumbani kwa Audrey.

"Rudi kazini," alisema.

"Pamoja na mstari?"

"Pamoja na mstari. Nimechoka kusoma kitu kisichonikera."

Ndivyo alivyorudishiwa karatasi yake, na akaiandika hadi mwisho wa maisha yake. Aliugua kansa ya kongosho katika kiangazi cha mwaka 2009, akijua vizuri safari yake ni fupi. Alipokea ushirika mtakatifu kila Jumapili, na kila Alhamisi alimsomea Beryl Peck habari za kuandika, maana Beryl alikuwa amestaafu naye hakukubali mtu mwingine ashike kalamu hiyo. Asubuhi ya Ijumaa moja ya Novemba, kasisi akiwa kando ya kitanda na zaburi ikiwa imekwisha, Audrey alifungua macho na kuuliza, "Daraja la Eastlode limefunguliwa?" Beryl alimwambia limefunguliwa jana. "Waambieni," akasema Audrey, na hakusema tena. Tulimzika nje ya ukuta wa kaskazini wa kanisa. Rudkin alilia waziwazi, naye hakuwa mtu wa kulia.

Kuhusu maajabu, hatutaki kuitangulia sauti ya Kanisa. Mwanamke mmoja wa Marnholme asema goti lake lilipona kaburini. Mumewe asema ni kwa sababu alitembea hadi huko. Hayo tunawaachia wakubwa. Lakini jambo moja tunaliandika bila kusitasita, kwa sababu aliyelipata tunamfahamu.

Miaka miwili baada ya mazishi, Amos na Keziah, wazee sasa, walikuwa mbali sana, katika mji wa viwanda wa Hollinwharf, mahali ambapo Karatasi ya Ijumaa haijawahi kufika wala jina la Setchell kusikika. Keziah aliamka na kidonda kwenye kidole cha mguu wa kulia, mguu pekee aliobaki nao. Kilikuwa kidogo, naye alikijua. Walitembea hadi kituo cha daktari, na mbele ya mlango akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Ingia," Amos alisema.

"Wakiomba bili?"

"Utawaambia unalala juu ya maji."

"Niliwaambia zamani, Amos. Walicheka."

Akaingia akichechemea. Dirishani alikuwapo binti aitwaye Nasreen, mtandio wake wa kijani, kalamu nyuma ya sikio.

"Jina lako, shangazi?"

Keziah alilitaja.

"Unakaa wapi?"

"Mashuani."

"Imefungwa wapi leo?"

"Chini ya daraja la reli."

"Nitaandika hivyo. Mkihama niambie, nitaweka anwani yetu ya hapa. Mguu una nini?"

Keziah aliendelea kusimama, akingoja lile swali lililosalia. Halikuja. Mwishowe akasema mwenyewe, "Hujaniomba bili."

Nasreen aliinua macho, akashangaa kweli. "Bili ya nini?"

Keziah alimwuliza nani alimfundisha kazi. Binti alijibu kwamba ni mama mmoja aliyestaafu, naye alifundishwa na mwingine wa huko pande za mashariki, jina hakulijua. Daktari alimwona asubuhi ileile, na kidonda kikafunga.

Siku ya Watakatifu Wote Keziah alikuja Stowlode kushukuru. Kasisi wetu, mtu mwangalifu, alimwuliza mbele ya waumini kama kweli anauita muujiza. Keziah aliketi, akavua kiatu na soksi, akaupandisha mguu wake wa kulia juu ya benchi la mbele, palipo na sahani ya sadaka. "Hesabu vidole," alisema. Kasisi alivihesabu, na vilikuwa vyote.

Basi ndugu wapendwa, tumwige mtumishi huyu wa Mungu. Tukikosea, tuseme kosa letu mahali palepale tulipolisemea, kisha turudie lililo sahihi kila Ijumaa mpaka watu watuchoke, na mpaka baada yao waje vijana wasiojua kwamba mlango ule uliwahi kufungwa.