Aliyepasua Miforsadi

Watu wa kijiji chetu cha Rushan, huku milimani, wakikwambia kwamba Nekqadam ndiye aliyemaliza miti yao, waulize nani alimwita. Mimi ni mke wa mwanawe, nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na mmoja, na nilikuwepo. Waulize, halafu uangalie macho yao yatakimbilia wapi.

Ilikuwa majira ya baridi ya vita. Barabara ilifungwa, makaa ya mawe hayakuja. Kufikia Januari watu walishachoma nyua, milango ya mazizi na vitabu vya shule. Ikabaki miforsadi. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha: matunda yake hukaushwa, husagwa, na unga wake ndio unaotuvusha ngano ikiisha. Lakini nani atafikiria unga wa mwakani wakati watoto wanatetemeka leo? Wakaikata.

Kuuangusha mti kila mtu aliweza. Kasheshe ilikuwa baada ya hapo. Shina la mforsadi mkongwe, watu wawili hawalikumbatii likaenea, msumeno unakwama, shoka linadunda. Wanaume walilizunguka gogo, wakalitukana, wakalipiga teke, mwisho wakasema kamwiteni Nekqadam.

Baba mkwe alikuja na kabari nne, mtaimbo, na nyundo iliyofuliwa kutokana na ekseli ya lori. Hakuwa na haraka. Aligonga gogo huku na huku akisikiliza, akautafuta ufa, akapigilia kabari ya kwanza, akafuata ya pili. Likikataa kabisa, jioni alimimina maji ndani ya ufa akaenda zake. Maji yaliganda, barafu ikavimba, na asubuhi gogo lilikuwa limeachia lenyewe.

"Mimi sijafanya kitu," alikuwa akisema. "Baridi ndiyo imepasua, mimi nimekuja kula tu."

Kula kwenyewe bakuli la unga wa njegere, pamoja na vibanzi. Kwetu ndivyo ilivyo tangu zamani, magome na vibanzi ni vya mpasuaji. Nilivizoa mimi, mimba ya miezi saba, nikivikwangua kwenye theluji kwa vidole na kuvijaza guniani. Mume wangu alikuwa Urusi kutafuta kazi. Kwa vibanzi hivyo tulipika na kuota moto hadi Machi, nikajifungua salama, na mforsadi wetu mmoja wa uani haukuguswa.

Hilo ndilo kosa letu.

Juni forsadi ziliiva kwetu peke yetu. Zarbegim, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja akasimama mlangoni. Nilimkaribisha chai, akakataa.

"Kaka, naona mti wako umenawiri," akamwambia baba mkwe.

"Karibu uokote, dada. Njoo na watoto."

"Niokote? Mimi niliyekuwa na miwili nije kuokota kwako?"

"Si uliniita mwenyewe, dada?"

"Nilikuita, ndiyo. Na ulikuja mbio! Tusingekata, ungepata wapi vibanzi wewe?"

Nikashindwa kuvumilia. "We mama, bila kuni zile wanao wangekuwa hai leo?"

"Savsan, nyamaza," akasema baba mkwe.

Nilinyamaza, na hadi leo najuta. Wiki haikuisha, kijiji kizima kikawa kinamwita Mla-miti. Kwenye msiba wa mzee mmoja hakuna aliyejisogeza kumpisha. Akakaa karibu na mlango, penye viatu, mtu aliyezoea kuketishwa mbele. Aliporudi hakula.

Kesho yake akachukua shoka, akaenda uani. Nilimshika mkono, mtoto yuko mgongoni.

"Baba, tutakula nini sasa?"

"Watakachokula wao."

Aliuangusha, akaupasua siku tatu, peke yake. Kiangazi hakuna barafu ya kumsaidia, kila ufa aliulipia kwa mikono yake, na mpini ukawa na damu. Kisha akapanga mafungu thelathini na moja, kila nyumba fungu lake, na letu likiwemo. Akatuma habari kwamba waje wachukue. Akanawa, akavaa shati safi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango kuwangoja. Nilimjua, nikaelewa anangoja nini. Alitaka mmoja tu, yeyote, aseme: la, kaka, baki nazo, tumekuonea.

Wakaja wote. Jua linachoma, hakuna aliyehitaji moto, na wakabeba. Wengine hata salamu hawakutoa. Mimi nilihesabu migongo yao, nikawalaani mmoja mmoja kwa jina.

Zarbegim alikuja wa mwisho na toroli. Akaziangalia kuni zake, akazigeuza kwa mguu.

"Kaka," akasema, "mbona fungu langu dogo?"

Baba mkwe akainuka, akamwongezea kutoka letu.